Usipime Kigutu Kilichotoka kwenye Maji ya Moto

Nyinyi mnaoanza kazi mwaka huu katika karakana ya miguu ya bandia, mimi mnanijua kwa sura tu: yule mzee anayekuja Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye benchi la wagonjwa na kunusa plasta kana kwamba ni ubani. Mkuu wenu ameniomba niwaandikie mambo mawili matatu kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asinitake kuyapanga. Kazi yenyewe haikunijia ikiwa imepangwa.

Naanza na kanuni moja. Usichukue kipimo cha kigutu kilichotoka kwenye maji ya moto. Kigutu ni ile sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa, na natumaini hilo mmeshafundishwa. Hata kama mwenye kigutu ana haraka, hata kama basi linapiga honi, hata kama wewe ni fundi wa miaka thelathini na mikono yako inasifiwa mpaka Uvira, ngoja kesho. Mimi nilikuwa fundi huyo wa kusifiwa, na nusura nimpotezee mtu goti lake.

Kwanza mjue nimetoka wapi. Jina langu Shabani, mtoto wa Buyenzi, hapa hapa Bujumbura. Baba alitengeneza baiskeli, nami nilijua kunyoosha gurudumu kabla sijajua kusoma. Karakana ilinichukua kwa sababu nilikuwa naweza kushona ngozi na kupinda chuma, si kwa sababu nilijua chochote kuhusu miguu. Aliyenifundisha ni Mzee Gaspari, Mungu amrehemu, mchonga mbao ambaye alikuwa na vidole vinane tu na hakupenda kuulizwa viwili vilikwenda wapi. Siku zile miguu ilikuwa ya mbao na ngozi. Masika ikifika, mteja mmoja wa Buterere, ambako maji huingia mpaka chini ya kitanda, alikuwa akija na mguu wa bandia uliovimba kuliko ule wa nyama. Tuliuanika juani pamoja na nguo za mke wa Gaspari.

Leo mnaweka plastiki kwenye oveni mpaka inalegea kama chapati, mnaivisha juu ya sanamu ya plasta, na jioni mguu uko tayari. Nasikia inakuja mashine ya kupiga picha ya kigutu, hata plasta hamtaigusa. Sina ugomvi na mashine. Lakini mashine itapiga picha ya kile mtakachoweka mbele yake, na kigutu kilichovimba itakipiga kikiwa kimevimba.

Gaspari alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka. "Mutu akikuambia anataka mguu," alisema, "we muulize anataka kuenda nayo wapi. Usishike kipimo mbele hajajibu." Sisi vijana tulimcheka. Anataka kwenda wapi? Sokoni, kanisani, chooni, wapi kwingine? Tuliona ni maneno ya mzee anayetaka kupumzika kabla ya kazi.

Jambo jingine, na hili lifanyeni bila aibu. Mtu akilalamika kwamba mguu unamchoma mahali fulani, usikiamini kidole chake, maana maumivu hayajui kuonyesha njia. Chukua rangi ya mdomo, ile ya wanawake, paka pale palipokuwa pekundu kwenye kigutu, mvalishe mguu, asimame, kisha avue. Rangi itakuwa imehamia ndani ya kikombe, yaani ule uwazi wa juu ambamo kigutu huingia, na hapo ndipo pa kusugua. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mke wangu Mwajuma aliikuta rangi hiyo mfukoni mwa suruali yangu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shabani, hii uongo hata shetani ataionea haya." Kesho yake nikamleta karakana, akamwona kwa macho yake askari mwenye ndevu akipakwa rangi ya mdomo kwenye kigutu. Tangu siku hiyo ni yeye aliyeninunulia, na alijua kuchagua kuliko mimi.

Sasa nije kwa Nestori.

Nestori alikuwa kaporali. Mguu aliupoteza kwenye misheni ya nje, huko kwenye mchanga na joto, akarudishwa nyumbani akiwa na goti lake. Vijana, goti ni nusu ya kazi yetu. Mwenye goti atapanda ngazi, atapanda baiskeli, atainama kuokota sabuni iliyoteleza. Aliyekatwa juu ya goti huanza kutembea upya kama mtoto mchanga, na mguu wake huwa mzito maradufu. Ndiyo maana daktari akitaja goti, fundi huweka nyundo chini na kusikiliza.

Alipofika karakana mara ya kwanza alikaa kwenye benchi hilo mnalolijua, magongo yake ameyaficha nyuma ya mlango.

"Muzehe," akaniambia, "mi nataka mguu yenye batu hawatajua kama si yangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumuuliza lile swali la Gaspari. Sikuuliza. Badala yake nilifurahi, maana nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu wa kunitaka nionyeshe ufundi wangu wote. Niliutengeneza mguu ule kwa muda mrefu kuliko miguu mitatu. Nilichonga shavu la mguu likalingana na la upande wa pili, nikachanganya rangi mpaka ikafanana na ngozi yake mwenyewe, na kifundoni nikachora hata mshipa mmoja. Siku ya kuuvaa alitembea kutoka mezani mpaka langoni akiwa na suruali na viatu, mlinzi akamsalimia kama mgeni aliyekuja kutembea tu. Nikapiga meza kwa furaha.

"Hata bibi yako atasahau," nikamwambia, yaani mkewe.

Akacheka. Mimi nililisema kama mzaha, yeye akalichukua kama maagizo.

Nestori alikuwa akikaa Ngagara, ambako majirani wote walikuwa wamemwona akirudi na magongo. Akahama na mkewe na mtoto, wakaenda Mutakura, mahali pasipo hata mtu mmoja aliyemjua, akafungua duka la madaftari, sabuni na mafuta ya kupikia. Wateja walidhani anachechemea kidogo kwa sababu ya mpira wa ujana. Mtoto wake wa kike, Keza, alikuwa mchanga baba alipoumia, kwa hiyo hakukumbuka chochote. Alifika miaka saba bila kumwona baba yake akiwa na kaptula. Nestori alilala na suruali, na ndani ya suruali mguu wangu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, naye alikatazwa kusema.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa nawasimulia watu kuhusu ule mshipa wa kifundoni.

Mwaka wa sita Nestori akaanza kuja karakana kila mwezi, kisha kila wiki. Panauma hapa, panauma pale. Nilipaka rangi ya mdomo, nikasugua, nikapaka tena. Kigutu kilikuwa na kidonda kidogo, upana wa kifungo cha shati, kisha kikawa na upana wa kifuniko cha chupa. Mimi nikaendelea kurekebisha mguu. Fundi akipenda alichotengeneza, hutafuta kasoro ndani yake tu, na kasoro ya kweli haikuwa ndani ya mguu wala ndani ya kigutu.

Aliyeiona ni Mama Vumilia. Mama Vumilia alikuwa kine wetu, yaani mtaalamu wa kukanda na kufundisha viungo, Mkongomani wa Uvira aliyekimbia na watoto wawili na diploma yake ndani ya mfuko wa nailoni. Aliimba nyimbo za kanisa akiwakanda watu, na alikuwa na mikono yenye nguvu kama ya mpiga chuma. Siku hiyo aliingia, akanusa hewa, akaacha kuimba.

"Kaporali, hii mguu unavuaka saa ngapi?"

Nestori akaivuta suruali yake chini.

"Nakuuliza. Ukienda kulala unaiweka wapi?"

"Mi sivui," akajibu.

Mama Vumilia akanigeukia mimi, siyo yeye. "Muzehe Shabani, we unalalaka na viatu?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapo kifo kilikuwa kimekwishaanza kubisha hodi kwenye goti. Daktari alisema hivyo hivyo kwa maneno yake: apumzishe kigutu bila kuvaa kitu chochote mpaka kidonda kifunge. Kisipofunga, wangekata upya, juu ya goti.

"Nikitembea na magongo mu Mutakura batu bataniuliza," Nestori akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Na mutoto ataniuliza."

Akachagua njia yake. Alijifungia chumbani, mke akakaa dukani, na Keza akaambiwa kwamba baba ana malaria. Kwa wiki tano mtoto yule alimletea baba yake chai na vidonge vya maumivu, akamkuta kila siku amejifunika blanketi kiunoni, katika joto la Bujumbura. Mama Vumilia alikwenda kumfunga kidonda saa ambazo mtoto yuko shule. Kidonda kikafunga, lakini kigutu kilikuwa kimebadilika umbo, na mguu wa kwanza haukumfaa tena.

Nikiwa hapo niwaambie kuhusu ugomvi wangu na Mama Vumilia, maana utakuja kuhitajika. Yeye ndiye aliyeanzisha volebo ya kukaa. Aliwakusanya askari wetu wa zamani pale Ngagara kwenye uwanja wa saruji, akafunga wavu chini, kimo cha kifua cha mtu aliyekaa, akawaambia wavue miguu yote na kucheza wakijisukuma kwa mikono. Makalio hayaruhusiwi kuinuka mpira unapopigwa. Nilipoona mara ya kwanza nilikasirika hasa. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kuwainua watu hawa kutoka chini, na huyu mama anawarudisha chini. Katika mji wetu anayejikokota chini ni ombaomba wa mlangoni mwa soko. Nilimwambia anawadhalilisha.

"Muzehe," akanijibu bila kukasirika, "ukienda ku musikiti unaacha viatu inje. Ukiwa mule ndani, unakuwaka nusu mutu?"

Nilimwambia mambo ya msikiti hayamhusu Mlokole. Nikaondoka. Lakini baada ya wiki mbili wachezaji walianza kuja karakana na suruali zilizotoboka makalioni, kwa sababu saruji haina huruma, na mtu pekee mwenye ngozi na sindano kubwa alikuwa mimi. Nikawashonea viraka vya ngozi. Fundi wa miguu nikawa fundi wa makalio. Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini.

Basi kidonda cha Nestori kilipofunga, Mama Vumilia akasema sasa anaweza kwenda na wenzake kwenye maji ya moto. Mwenye kidonda wazi haruhusiwi kuingia mle, hilo nalo liandikeni. Maji yenyewe yako kusini, Mugara, njia ya Rumonge, ziwa likiwa upande wa kulia muda wote. Askari wetu walikuwa wakipelekwa na basi mara chache kwa mwaka, siku ambazo mafuta ya gari yamepatikana, na nyinyi mnajua mafuta yetu. Mimi nilikuwa sijawahi kuwasindikiza. Safari hiyo niliombwa niende na bisibisi, ili nikaze skrubu za watu. Mkobani nikatia pia bendeji za plasta na ile penseli ya kuwekea alama, kwa mazoea tu, kama vile mwingine anavyobeba mwavuli.

Tulipofika wanaume wale walivua miguu kando ya maji na kuiacha imesimama ndani ya viatu vyake, safu moja ndefu, ukitazama kwa mbali ungesema ni mlango wa msikiti siku ya Idi. Nilihesabu yangu, nikafika kumi na minne. Wenyewe walikuwa majini hadi shingoni, wanarushiana maji na kutukanana vyeo. Nilikuwa nimewajua watu hao miaka mingi, nimewashika vigutu, najua nani ana mfupa unaochomoza na nani hutoka jasho sana. Sikuwahi kuwasikia wakicheka hivyo mbele yangu. Niliona wivu, na sioni haya kuusema.

Nestori alikaa ukingoni na suruali yake. Alikuwa amekuja na magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini, na kwenye basi alikuwa amejishusha kwenye kiti tangu Mutakura mpaka tulipouacha mji. Wenzake walimwita wakachoka. Kisha sajini mmoja mnene, ambaye hakuwa na mguu wala mkono wa upande mmoja, akamwambia, "Kaporali, hapa hakuna mwenye iko mzima. Hata muzehe Shabani iko na tumbo." Nestori akacheka bila kutaka. Akavua. Akajishusha kwa mikono.

Lazima mjue kwamba mtu aliyekatwa mguu mara nyingi huumwa na mguu ambao hanao. Nestori alikuwa akilalamika miaka yote kwamba vidole vya mguu uliobaki kule mchangani vimejikunja na kukaza, na hawezi kuvikunjua kwa sababu havipo. Alikaa ndani ya maji yale kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Mama Vumilia.

"Vidole vimefunguka," akasema.

Machozi yalimtoka, na mimi pia, nikajifanya naosha uso.

Kosa langu lilikuja saa moja baadaye, nikiwa na furaha hiyo hiyo moyoni. Dereva alikuwa anapiga honi kwa sababu ya giza na mafuta. Mama Vumilia alikuwa anahesabu watu. Nestori alikuwa amekaa juu ya jiwe anajifuta, akaniita.

"Muzehe, uko na plasta? Unipimie sasa hivi. Jumatatu nataka niwe ku duka. Mutoto amechoka na malaria yangu."

Kutoka Mutakura hadi karakana kwa magongo, watu wote wanamtazama, ilikuwa safari ambayo asingeifanya. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba kigutu kile kilikuwa chekundu, laini, kimelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilizungusha futi ya kitambaa, nikapata zaidi ya kile kilichoandikwa daftarini mwangu kwa upana wa kidole. Nikajiambia daftari limezeeka. Haraka haraka haina baraka, tuliimba hivyo madrasani tukiwa watoto, na bado nikalowesha bendeji, nikamfunga, nikangoja plasta ikauke huku honi inalia. Mama Vumilia hakuona.

Mguu wa pili ulikuwa mzuri kama wa kwanza. Kipya kinyemi. Alitembea vizuri siku ya kwanza, akarudi dukani, malaria ikaisha. Lakini kigutu kikipoa hunywea, na kikombe cha plastiki hakinywei. Kila hatua mguu ukawa unapanda na kushuka kama pampu ya baiskeli. Mtu akiwa na kikombe kikubwa huongeza soksi ya kigutu, moja, mbili. Akifika tatu mrudisheni kwenye plasta. Nestori alifika sita, na hakuja kusema, kwa sababu alitaka sana mguu ule uwe mzuri. Kidonda kilifunguka mahali pale pale.

Alipokuja hatimaye, daktari alimwambia kwamba hii ni mara ya mwisho ya kungoja kidonda kifunge kabla ya kukata.

Mama Vumilia aliukamata ule mguu, akaingiza mkono wake mzima pamoja na soksi, akauzungusha. "Hii ulipimia wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba Nestori anaamini ngozi yake mwenyewe ndiyo mbovu, kwamba Mungu amemnyima ngozi, na kwamba mtu wa kumwondolea hilo ni mimi. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda basi la Mutakura, na niwaambie ukweli, nilipofika karibu na duka nilipita mara mbili bila kuingia.

Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya duka, mguu umevaliwa, uso wa kijivu kwa maumivu. Nikangoja mama mmoja anunue sabuni aondoke.

"Kosa ni yangu," nikamwambia. "Nilikupimia ukiwa umetoka mu maji ya moto. Nilijua haifai, nikapima. Ngozi yako haina shida yoyote."

Alipanga sabuni zilizobaki, akazipanga tena. "Sasa, muzehe, mi niugue malaria ngapi tena?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikavuta kigoda, nikakaa, na swali la Gaspari likanitoka mdomoni likiwa limechelewa miaka sita. "Nestori, hii mguu ulitaka kuenda nayo wapi?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri anapoulizwa.

"Nilitaka kuenda fasi batu hawanijui," akasema. "Nikafika. Na bibi yangu na mutoto nikabaleta huku, sasa nao hawanijui."

Sikumpa shauri. Fundi hana shauri la hayo. Nilimwambia tu kwamba mguu ule nauchukua mimi, nautia mkobani sasa hivi, ili asiwe na kitu cha kuvaa jioni. Alinitazama kana kwamba nimemwomba duka zima. Kisha akainama, akafungua, akanipa. Niliondoka Mutakura na mguu wa mtu kwenye mkoba, kidole gumba kimechungulia nje, abiria wanajisogeza mbali nami.

Yaliyotokea jioni hiyo nilisimuliwa na mkewe. Keza alirudi kutoka shule, akamkuta baba yake amekaa sebuleni na kaptula ya zamani ya jeshi. Alisimama na begi mgongoni akatazama. Hakulia. Aliuliza, "Baba, mguu yako ni malaria iliikula?"

Mama yake alisema Nestori alicheka mpaka jirani akabisha kuuliza kuna nini, na jirani akaingia, na akaona. Basi. Mambo ya miaka yakaisha kwa mlango mmoja kusahauliwa kufungwa. Kwa siku kadhaa watu wa Mutakura walikuja kununua daftari moja moja ili watazame, kisha daftari likabaki daftari. Nestori alitembea na magongo hadharani miezi miwili na zaidi. Kidonda kilifunga polepole, kikawa kovu, kovu likawa gumu, na daktari alipolibonyeza akasema goti libaki na mwenyewe. Nilimpima mara ya tatu karakana, saa mbili asubuhi, kigutu kikavu na cha baridi. Nilizungusha futi mara nne. Alisinzia nikiwa napima.

Mguu huo wa tatu niliufanya imara. Mshipa wa kifundoni sikuuchora, kwa sababu hakuniomba.

Jumapili moja baadaye nilikwenda uwanjani Ngagara kupeleka suruali nilizozitia viraka. Mchezo ulikuwa umepamba moto. Nestori alikuwa karibu na wavu, anajisukuma kwa mikono kama mtu aliyezaliwa pale, anapiga kelele kuliko wote, na watu wa mtaa wake wa zamani, wale aliowakimbia, walikuwa wamejaa ukutani wakimshangilia kwa jina. Miguu ilikuwa imepangwa kando ya mstari ndani ya viatu vyake, lakini wa Nestori haukuwamo. Nikautafuta kwa macho. Keza alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameupakata mapajani, ule mguu, amekumbatia kifundo kwa mikono miwili ili usianguke. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita ili mtoto huyu asijue kwamba mguu kama huo upo.

Nikakaa karibu naye.

"Ni we ulitengeneza?" akaniuliza bila kuacha kutazama mpira.

"Ni mi."

"Iko muzito."

Nikampokea ili apumzike kidogo, maana seti ilikuwa ndefu. Vijana, nimetengeneza miguu zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuushika mmoja kwa zaidi ya hatua kumi, kutoka mezani mpaka kwenye kiti cha mgonjwa. Niliushika ule mapajani mpaka seti ikaisha, mapaja yangu yakafa ganzi, baba yake alipomaliza tukamrudishia. Mtoto alisema kweli. Ni mzito.